Abiria wa Pantoni

Binti wa dada yangu anaandika blogu. Wako wengi, watu wenye asili ya mikoa ya kusini waliotawanyika huku na huko, wanaandikiana habari za kwao: vyakula, misiba, barabara isiyokwisha kutengenezwa. Karibu wote hawatumii majina yao. Juzi alikuja kunitembelea akaniambia wameanza kugombana. Mwenzao mmoja amenyamaza na hawajui pa kumwulizia, kwa hiyo wapo wanaotaka kila mtu ajitaje. Akaniuliza, "Mjomba, mtu anayeandika bila jina ni mwoga?"

Nilimwambia anywe chai kwanza. Shule yangu iliishia darasa la saba, na kompyuta naiona kwake tu. Lakini swali lake nilikuwa nalijua tangu yeye hajazaliwa. Lilikaa nyumbani kwangu Tandika, juu ya meza ile ile niliyokuwa nakunjia mabati.

Mke wangu alikuwa mtuma salamu.

Enzi hizo ukitaka kumsalimu mtu aliye mbali ulinunua kadi ya salamu, ukaandika jina lako na mahali ulipo, ukapanga majina ya unaowasalimu, na chini kabisa ukaweka ujumbe. Kadi ilikwenda kwa posta, na siku yake mtangazaji akaisoma. Wengi walisalimu ndugu zao. Lakini walikuwepo waliosalimiana wenyewe kwa wenyewe, watu ambao hawajapata kuonana, kila mmoja na jina alilojibandika na mahali pake. Walitaniana, walisutana, walipeana pole. Walikuwa hata na chama. Ukiuliza walijuana vipi, jibu lilikuwa redio tu.

Jina lake hewani lilikuwa Abiria wa Pantoni, Kigamboni. Hatukuwahi kukaa Kigamboni. Na pantoni yenyewe, chombo cha kuvukia kwenda huko, alikuwa anaiogopa. Siku niliyomvusha kwenda harusini alifumba macho toka Magogoni mpaka ng'ambo, amenishika mkono kama mtu anayeng'olewa jino.

Sababu ya kujificha aliniambia mwaka wa kwanza wa ndoa yetu. Alipokuwa msichana, kijana mmoja ambaye hata hakumjua kwa sura alimtumia salamu redioni, akataja jina lake, jina la baba yake na mtaa wao. Baba yake alikuwa kwa kinyozi saa ile. Wanaume wote waliokuwa pale wakamgeukia. Alirudi nyumbani amenyolewa upande mmoja. Asubuhi yake sare ya shule ikafungiwa sandukuni, na hakuivaa tena.

Nilimwuliza, "Sasa kama redio ndiyo iliyokukosesha shule, mbona unaifuata?"

"Si redio," akasema. "Jina."

Sikuelewa vizuri, nikaacha. Ilikuwa miaka ile viwanda vinauzwa. Mimi nilikuwa kwenye kiwanda cha nguo, nikapunguzwa pamoja na wenzangu, nikajifunza ufundi bati. Nilitengeneza majiko, karai, vibatari, ndoo za kunyweshea kuku. Kelele yangu ilikuwa kubwa, lakini Jumapili mchana kipindi cha salamu kilipoanza, niliweka nyundo chini. Huo ndio ulikuwa mkataba wetu. Yeye aliketi na redio mapajani, mimi kwenye kigoda.

Alikuwa haandiki maneno makubwa. Kadi yake moja ilisema: "Ujumbe: ukisikia jirani anacheka peke yake, usigonge mlango." Nyingine ilikwenda kwa bwana mmoja wa Tegeta aliyejiita Mkata Kokoto, ambaye alijisifu kila Jumapili kwamba amejenga nyumba. Alimwandikia: "Hongera ya nyumba. Ujumbe: mlango tumeuona, je, wa kukufungulia yupo?" Mtangazaji alicheka hewani mpaka akakohoa.

Nyumba yetu ilipakana ukuta na ya mama mmoja aliyekuwa akiuza maandazi. Naye alikuwa msikilizaji. Mke wangu akisomwa, tulimsikia jirani akicheka upande wa pili, na kipindi kikiisha alikuja mlangoni amejifunga khanga kiunoni.

"Umemsikia Abiria leo? Yule mtu ana ulimi!"

"Nimemsikia," mke wangu alimjibu huku anachambua mchele. "Hana kazi huyo? Hana mume?"

"Atakuwaga na mume na maneno yale? Kamkimbia zamani!"

Mimi nilitazama bati. Mke wangu hakunyanyua uso. Jirani akiondoka, aliziba mdomo kwa mkono akacheka mabega yanatikisika bila sauti.

Hata jirani yule, aliyekuwa karibu naye kuliko dada wa damu, hakumwambia. Nilimwuliza kwa nini. Akasema, "Akijua, atakuwa anamsikia mke wa fundi. Sasa hivi anamsikia Abiria."

Kisha figo zake zikaanza kumsumbua. Alivimba miguu, akavimba uso, akalazwa hospitali ya Mwananyamala. Nilikuwa naenda na uji asubuhi, narudi na chupa tupu. Siku moja alinishika mkono, akaniambia niandike, na mimi sikuwa na kadi wala kalamu.

"Basi shika kichwani," akasema. "Ujumbe: kitanda cha hospitali hakina upande wa ukutani."

Nyumbani yeye ndiye aliyelala ukutani. Akiwa na jambo la kumliza aligeukia huko, na mimi nilijifanya nimelala. Pale wodini, kila alikogeuka palikuwa na mtu anamtazama.

Nikamwahidi nitautuma. Halafu akasema, "Na wakiniulizia, usiwape jina langu. Wana la kwao."

Hakurudi nyumbani. Jirani alikuwa mmoja wa waliomwosha. Kaka wa mke wangu alikwenda mwenyewe kutoa tangazo la kifo, kwa sababu ndugu wengi walikuwa Lindi na Kilwa na redio ndiyo iliyowafikia upesi. Jina lake likasomwa kamili, na la baba yake, na la mtaa wetu, na habari ziwafikie fulani na fulani popote walipo. Nilikuwa nimekaa kwenye mkeka wa matanga nikamsikia mtangazaji analitamka polepole. Nikafikiri: hii ni mara ya pili. Na nikafikiri pia kwamba wale wenzake, wa Tegeta, wa Mwananyamala, wa Kilosa, wote wana redio, wote wanasikia, na hakuna hata mmoja aliyeshusha kikombe.

Redio niliifungua tena baada ya arobaini. Sikuwa na nia. Ilikuwa Jumapili, nyundo ilikuwa chini kwa mazoea, na nyumba ilikuwa kimya mno. Watoto wa mtaa walikuwa wamekwisha kuhamia stesheni mpya zilizoanza kufunguliwa, zile za muziki kutwa, kwa hiyo hata kwa jirani zangu wengine salamu hazikusikika tena kama zamani. Nikakaa kwenye kigoda. Sikukaa mahali pake.

Kadi ya kwanza ilipita, ya pili ikapita, kisha mtangazaji akasoma: "Mkata Kokoto wa Tegeta anamsalimu Abiria wa Pantoni wa Kigamboni. Anauliza, mbona kimya? Au pantoni imekuacha?"

Sijui nieleze vipi. Mtaani kila mtu alikuwa amekwisha kunipa pole, na baada ya pole watu hawana neno jingine. Hawakumtaja tena. Wakilazimika walisema "marehemu," kwa sauti ndogo, kama jina lake lingeniumiza. Na hapa palikuwa na mtu anamwita kwa nguvu, kwa utani, kama aliye hai. Nilibaki nimeishika redio mpaka kipindi kikaisha. Jumapili iliyofuata nilikuwa tayari mapema.

Salamu ziliendelea. "Abiria, umeolewa nini?" "Abiria, rudi, wapinzani wananisema." Mwenyekiti wa chama chao, mama aliyejiita Pilipili wa Mwananyamala, alimtishia kumfuta uanachama kwa kiburi. Ningeweza kuandika kadi moja tu yakaisha. Sikuandika, na ujumbe niliokabidhiwa nilibaki nao. Kusema kweli, nilitaka waendelee kumwita.

Kisha ikaja Jumapili ambayo Pilipili aliandika kadi ndefu. Mtangazaji aliisoma bila utani. Wanachama walikuwa wamevuka kwenda Kigamboni kumtafuta mwenzao. Waliuliza kwa wauza samaki, buchani, kwa mjumbe wa nyumba kumi, hata kwa wakata tiketi wa pantoni. Hakuna aliyemjua. "Wapo wanaosema mtu huyo hakuwepo," kadi ilimalizia. "Ujumbe: anayecheza na mapenzi ya watu, Mungu anamwona."

Nilizima redio.

Hakuwepo. Kwamba amekufa nilikuwa nimekwisha kulipokea, nilimtia kaburini kwa mikono yangu. Lakini kwamba hakuwepo, hilo sikuweza kulibeba. Watu waliompenda walikuwa wanataka kumtoa hata mahali pale padogo alipojitengenezea mwenyewe. Na mimi ndiye peke yangu niliyejua kwamba alikuwepo, alikaa hapa, kwenye jamvi hili, anachambua mchele.

Mkutano wao wa mwezi ulikuwa ukitangazwa kila mara: nyumbani kwa Pilipili, nyuma ya hospitali ile ile. Nilivaa kanzu niliyoivaa msibani, nikaenda. Njia ile ya hospitali nilikuwa nimeapa sitaipita tena.

Niliwakuta uani, wamekaa kwenye mikeka na viti vya kuazima, birika la chai katikati, sinia la vitumbua. Nilitegemea vijana. Walikuwa watu wazima, wengine wamenizidi umri. Pilipili alikuwa mama mnene mwenye miwani iliyofungwa uzi.

"Karibu baba, karibu. Wewe nani wa wapi?"

Nikaanza kutaja jina langu. Akanizuia kwa mwiko aliokuwa ameushika.

"Hilo mpe karani wa mahakama! Hapa tunauliza la redioni."

"La redioni sina."

"Hana jina!" akapiga kelele bwana mmoja mwembamba mwenye vumbi jeupe kwenye kucha. "Kaja hapa uchi!"

Wakacheka. Nilimjua kwa kucha zile kabla hajajitaja: Mkata Kokoto wa Tegeta. Nikasema nimeleta habari za Abiria.

Kicheko kikageuka makelele. "Yupo! Si niliwaambia mie? Nyie mlibisha!" Mkata Kokoto alisimama. "Mzee, mwambie nimetapika kwenye pantoni kwa ajili yake. Mbele za watu! Mwambie aniombe radhi."

"Amefariki," nikasema.

Alibaki amesimama. Kikombe kilikuwa mkononi mwake na hakujua akiweke wapi.

Pilipili aliniuliza lini, nikamwambia. Akauliza ni wangu nani, nikasema mke wangu. Akavua miwani.

"Mkeo? Mie nilijua mwanamume," akasema. "Wallahi nilijua baharia aliyestaafu."

"Mimi nilimwona bibi kizee mnene," akasema mwingine.

"Alikuwa mfupi," nikawaambia. "Mwembamba. Akicheka alikuwa anaziba mdomo. Na pantoni alikuwa anaiogopa, akivuka anafumba macho. Tunakaa Tandika. Hakuwadanganya kwa ubaya."

Mwalimu mmoja wa shule ya msingi, mtu wa bara kwa lafudhi yake, alinyanyua mkono kama yuko darasani. Alikuwa mpole lakini hakuridhika. "Samahani baba. Vifo vinatangazwa. Mbona hatukusikia?"

"Kilitangazwa. Mlisikia."

"Kwa jina gani?"

Nilitazama sinia la vitumbua.

"Tukilijua jina tutakumbuka," akasema. "Bila jina, mtu yeyote anaweza kuja hapa akamzika mwenzetu."

Alikuwa na haki. Sikukasirika. Nilichokuwa nacho cha kuwapa kilikuwa kile alichonishikisha wodini, nikakitoa: kwamba alikuwa na ujumbe wa mwisho, kwamba kitanda cha hospitali hakina upande wa ukutani. Nikaona Mkata Kokoto anakaa chini taratibu.

"Ndiye," akasema. "Hayo ni yake."

Mwalimu aliinamisha kichwa.

Desturi ya chama chao ilikuwa mwanachama akifa wamsomee dua pale pale, na Wakristo wao wainamishe vichwa na kusema yao. Mzee mmoja aliyekuwa akifundisha watoto Kurani ndiye aliyesoma. Akakunja miguu, akaniinamia sikioni.

"Nimtaje nani? Ninong'oneze mimi tu. Halitatoka."

Hapo ndipo palipokuwa pagumu. Mtu angedhani ahadi ndiyo iliyokuwa inanibana, na sivyo. Nilikuwa natamani mno kulisema. Tangu matanga yaishe sikuwa nimelisikia jina lake kinywani mwa mtu. Nilitaka nilisikie mara moja, kwa sauti ya kawaida, likisemwa na mtu asiyeogopa kuniumiza. Mdomo wangu ulikuwa umekwisha kufunguka. Nikamkumbuka baba yake kwa kinyozi, na wanaume wote wanageuka.

"Mtaje mnavyomwita nyie," nikasema.

"Sijawahi kuomba hivyo," mzee akasema. Alifikiri kidogo, akanyanyua viganja. Aliposoma alichosoma alimalizia kwa Kiswahili: "Ya Rabi, mja wako huyu, sisi tulimwita Abiria wa Pantoni. Wewe unamjua kwa jina lake na la mama yake. Mrehemu." Wakaitika amin, na mwalimu naye akaitika kwa namna yake. Kama dua ile ilikuwa na kasoro, mimi sina elimu ya kujua. Nilirudi Tandika nimefungiwa vitumbua kwenye gazeti, nikavila peke yangu.

Jumapili iliyofuata nilimaliza jiko moja mapema, nikaweka nyundo chini. Kadi ya Pilipili ilikuwa ya kwanza kusomwa. Mtangazaji alisema kwa masikitiko Abiria wa Pantoni amefariki baada ya kuugua na kulazwa, na wanachama wa mikoa yote wanapeana pole. Akasoma na ujumbe wa marehemu, ule wa kitanda.

Upande wa pili wa ukuta nilisikia kitu kinadondoka. Jirani akaja mbio, mikono yake ina unga mpaka viwikoni.

"Shemeji! Umesikia? Abiria amekufa!"

"Nimesikia."

Machozi yalikuwa yanamtoka, akajifuta kwa kiwiko, unga ukambaki shavuni. Mikono hiyo hiyo ndiyo iliyomwosha mke wangu. Siku ile hakutoa chozi, watu walimsifu.

"Nilikuwa nampenda yule mtu, shemeji. Utasema mie mwehu, namlilia mtu wa redioni. Mkeo angekuwepo angenielewa. Tulikuwa tunamsikiliza pamoja, mie kwangu, yeye kwake."

"Angekuelewa," nikasema.

Nilisimama, nikamwachia kigoda. Akakaa. Nikamtilia maji kikombeni, nikampa pole, naye akaipokea kwa kichwa kama wapokeavyo wafiwa. Mimi nikakaa chini kwenye jamvi, mahali pa mke wangu, nilipokuwa sijakaa tangu msiba. Mtangazaji alikuwa anaendelea na salamu za watu wengine.

Jirani alikunywa maji kidogo. Akatazama ukuta, ule uliokuwa kati ya nyumba yake na yetu.

"Alilazwa na yeye, umesikia?" akasema. "Labda walikuwa wodi moja na mkeo, vitanda jirani. Wasijuane. Maskini."

"Labda," nikasema.

Akaanza kulia upya, safari hii kwa sauti. Nikamwacha alie. Hakuna aliyekuwa amemlilia mke wangu kwa sauti ile nyumbani mwangu tangu wageni wa matanga waondoke.